Usiniulize Ujumbe Wake

Ukitoka kuangalia muvi hapa Dar utaulizwa maswali mawili. La kwanza, "Ni kali?" Hilo halina shida. La pili ndilo linalonikera: "Sasa ujumbe wake nini?" Kaka yangu huuliza hivyo hata baada ya picha ya ngumi tupu mwanzo mwisho. Simlaumu sana. Wengi wetu tuliopita kidato cha tano na cha sita tulifundishwa kuichinja kazi ya fasihi kwa kisu hicho hicho: fani huku, maudhui kule, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mtihani uliisha zamani, mazoea hayajaisha. Tunaingia Mlimani City na bisi mkononi, taa zinazimwa, na bado kila mtu anatafuta cha kujaza kwenye nafasi iliyoandikwa "ujumbe".

Mimi ni mlevi wa filamu. Miaka hii mitatu minne nimeangalia za kutisha, za vita, za Kihindi, za katuni na za kwetu, nyingine ukumbini, nyingine kwenye laptopu kwa bando la usiku. Zilizonikaa ni zile zisizo na haraka ya kujieleza. Ikianza tu kunitafsiria inachokifanya, naanza kuangalia saa.

Niingie kwa ya nyumbani, ingawa si mpya tena: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Riwaya yenyewe ya Adam Shafi, kila aliyesoma mchepuo wa Kiswahili anaijua, au anazijua noti zake, na hayo ni mambo mawili tofauti. Filamu ilifika tamasha la Toronto, kisha ikabeba Tanit ya Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Carthage, Tunisia. Kwa hiyo watu wengine walikwenda kuiona kwa sababu ya sifa hizo, na wengine walikwenda kumwona Denge wa kitabuni akimwaga siasa. Hawa wa pili walianza kuhema mapema. Shivji ameipunguza riwaya, kaipunguza kwelikweli. Kitabu kina watu wengi, safari nyingi na maneno mengi matamu. Filamu imebaki na Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima na akamkimbia. Denge, kijana anayewindwa na serikali ya Mwingereza. Na Mwajuma, aliyechezwa na Siti Amina, ambaye kila akitokea unasahau kuna wengine. Basi. Kamera inawasogelea, inakaa usoni, inasubiri.

Jamaa yangu mmoja aliniambia, "Picha nzuri, lakini hawaongei." Nikamwambia hicho ndicho nilichokipenda. Ukoloni haukuelezwa na mtu, unauona kwa namna watu wanavyoangalia nyuma wakiwa njiani. Lawama yangu ni nyingine: mapenzi ya Yasmin na Denge yamepewa nafasi kubwa mno, siasa ikasukumwa ukutani kama pambo, na Denge wa filamu anaonekana mpole kuliko mtu aliyeapa kuuondoa utawala. Ningetaka nimwogope kidogo. Hata hivyo naihesabu kuwa filamu ya Kiswahili iliyoniheshimu kuliko nyingi. Haikunishika mkono kunivusha barabara.

Mwaka huo huo ilitoka Binti ya Seko Shamte, wanawake wanne wa Dar ambao maisha yao yanagusana, ikaingia Netflix na sote tukajivuna. Picha zake ni safi, waigizaji wamejituma, Godliver Gordian hasa. Lakini kuna mazungumzo mle ndani ambayo yanasikika kama yametolewa kwenye kipeperushi cha semina. Mtu hasemi alichonacho moyoni, anasema tatizo la kijamii alilopewa aliwakilishe. Huo ugonjwa ni wa tasnia nzima, si wa filamu hiyo peke yake, na kwenye tamthilia za kila jioni ndio umekuwa sugu: mwizi akikamatwa lazima aseme "ningejua", mama mkwe akiumwa lazima aombe radhi kitandani.

Wanaotetea hali hiyo huniambia mtazamaji wa uswahilini anataka kutafuniwa. Si kweli. Mtazamaji huyo huyo alikulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, akiangalia picha za Kichina, za Kihindi na za Kizungu zilizotafsiriwa na Lufufu, aliyekuwa akiweka sauti yake ya Kiswahili juu ya picha. Utasema Lufufu naye alikuwa anaeleza kila kitu. Alieleza, ndiyo, kwa sababu lugha haikuwa yetu. Ila hakuwahi kutupa ujumbe. Alitia chumvi, alimtania adui, alimpigia kelele steringi aangalie nyuma. Alikuwa anashindana na filamu, na siku nyingine alikuwa anaishinda. Mtu aliyefundwa na Lufufu anaweza kuangalia chochote.

Sasa Sinners. Hii ya Ryan Coogler ilitoka 2025 na nimeshagombana na watu watatu kuhusu hiyo, kwa hiyo hapa nitakaa.

Ni Mississippi, mwaka 1932. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wote wamechezwa na Michael B. Jordan, wamerudi kwao kutoka Chicago na hela zisizoulizwa zilikotoka. Wananunua kiwanda kikuukuu cha mbao wakigeuze ukumbi wa pombe na muziki kwa ajili ya watu weusi, kwa usiku ule ule. Binamu yao Sammie, mtoto wa mchungaji, ana gitaa na sauti ya mtu mzima. Halafu giza linaingia na wanyonya damu wanakuja.

Wengi wanasema sehemu ya kwanza inachelewa, hakuna damu. Mimi sehemu ya kwanza ndiyo ningeichukua nikaiangalia tena peke yake. Kuna familia ya Kichina pale mjini, yenye maduka mawili yanayotazamana, barabara ikiwa katikati. Duka moja wateja wake weusi, la pili wateja wake wazungu. Binti wa familia anatumwa upande wa pili, na kamera inamfuata kutoka duka hili, inavuka naye barabara, inaingia naye lile jingine, bila kukata. Hakuna anayesema neno "ubaguzi". Ni mtoto tu katumwa. Mtu wa Dar anayejua kwa nini kuna sehemu ziliitwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mwenye duka alikuwa nani katikati ya hao wengine, hahitaji msaada wowote hapo. Niliiona ile barabara nikafikiria jinsi mji wetu ulivyopimwa na kugawanywa kwa rangi, na hakuna filamu ya kwetu iliyowahi kunionyesha hilo kwa mtoto kuvuka barabara.

Kisha kuna hilo la hodi. Wanyonya damu wa Coogler hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Cornbread, bonge la mtu aliyewekwa mlangoni, anatoka kidogo, anarudi, anasimama nje na kuomba aambiwe aingie. Waliomo ndani wanashtuka: wewe si wa humu humu, karibu ya nini? Nilicheka peke yangu. Kwetu mtu akikuta mlango wazi, hata nyumba ya dada yake, bado anapiga hodi, anangoja karibu, akikosa jibu anapiga ya pili na ya tatu kisha anaondoka zake. Kwa tafsiri ya Uswahilini, shetani wa filamu ile ni mtu aliyelelewa vizuri. Popobawa, yule shetani aliyeikimbiza Unguja na Pemba mwaka 1995 mpaka watu wakalala barazani, yeye hakuwa na adabu hizo. Mama mmoja safu ya mbele alikuwa anaomba kwa sauti: "Msimkaribishe jamani, msimkaribishe." Ukumbi mzima ulikuwa upande wake.

Na ile ngoma ya katikati. Sammie anaimba, watu wanacheza, na taratibu wanaanza kuingia wasioalikwa: mpiga gitaa la umeme ambaye bado hajazaliwa, DJ na sahani zake, wachezaji wa Afrika Magharibi wa zamani sana, wachezaji wa Kichina waliovaa mavazi ya opera, vijana wa hip hop. Wote wako kwenye sakafu moja na wenyeji wala hawawaoni. Paa linashika moto na muziki unaendelea. Kuna sauti fupi ya msimulizi mwanzoni mwa filamu iliyotuandaa kwa hilo, nami ningeikata, maana tungeelewa. Mtu yeyote aliyewahi kuona ngoma ya kwao ikimpandisha mtu mzuka anajua kinachoendelea pale.

Nilipokorofishana na wenzangu ni mwisho. Baada ya usiku ule kuisha, Coogler anampa Smoke bunduki na kumwacha amalizane na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Ukumbi ulishangilia, na mimi nilishangilia, lakini nikiwa kwenye bajaji narudi nikaona ile ilikuwa pipi. Filamu ilikuwa imeshasema yake. Halafu, tafadhali, majina yakianza kupanda usiinuke. Kipande kinachokuja, Chicago ya mwaka 1992, Buddy Guy mwenyewe, mkongwe wa gitaa la blues, amekaa akiwa Sammie mzee, ni bora kuliko risasi zote zile. Nusu ya ukumbi walikuwa wameshafika kwenye ngazi.

Nikiwa bado kwenye vitisho: Weapons ya Zach Cregger, nayo ya 2025. Asiyependa kusimuliwa aruke aya hii. Watoto 17 wa darasa moja wanaamka saa 8 na dakika 17 usiku, wanafungua milango ya kwao na kukimbilia gizani mikono wameitanua. Filamu inakwenda kwa sura, kila sura na mtu wake, na Wamarekani waliomo wanahangaika: mwalimu ana makosa? Polisi je? Mimi niliiangalia nikiwa na shangazi yangu wa Kigogo. Yule bibi mwenye wigi jekundu alipojitokeza tu, shangazi akasema, "Huyo hapo," akaendelea na karanga zake. Filamu bado ilikuwa na safari ndefu. Mtu anayechukua nywele za mwenzake na kuzifungia kwenye kijiti, kwetu hiyo si siri, ni kesi ya balozi wa nyumba kumi. Nilifurahi sana, ila nadhani niliifurahia kama vichekesho.

The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya 2023, hiyo usiiangalie na watu. Vaa hedfoni. Familia ya mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Rudolf Höss, inaishi kwenye nyumba yenye bustani nzuri, na ukuta wa bustani ndio ukuta wa kambi. Kamera karibu muda wote haivuki ukuta. Unaona maua, watoto, bwawa la kuogelea, na masikio yako yanakuambia kinachoendelea upande wa pili. Ilipata Oscar ya sauti mwaka 2024, na kama kuna tuzo iliyofika kwa mwenyewe ni hiyo. Mke wa Höss, anayechezwa na Sandra Hüller, analetewa koti la manyoya. Anajifungia chumbani, analijaribu mbele ya kioo, anajigeuza. Mfukoni anakuta rangi ya mdomo iliyotumika. Anaipaka. Hakuna muziki, hakuna anayelia. Nilisimamisha nikaenda kunywa maji. Filamu nyingi za vita hunionyesha maiti na nikasahau wiki inayofuata. Ile rangi ya mdomo bado ninayo.

Gladiator II ina papa, yule samaki, ndani ya uwanja wa Roma. Nimemaliza. Deadpool & Wolverine inadai uwe umeangalia kila kitu kilichotoka tangu ukiwa shule ya msingi, na mimi sikuwa na daftari.

Za Kihindi ni habari ndefu hapa mjini. Wazee wetu walipanga foleni kwenye kumbi za Avalon na Empire, walijazana kwenye magari Drive-In ya Msasani, wakaimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyajua. Wengi waliniambia siku hizi Wahindi wamebaki na mabavu tu: steringi mmoja, watu mia angani. Kuna nyingi za hivyo, na RRR ya S.S. Rajamouli mimi niliipenda bila aibu. Lakini atakayetaka kitu kingine atafute Laapataa Ladies ya Kiran Rao, iliyoingia kwenye kumbi za India mwaka 2024. Ni mwaka 2001, treni imejaa maharusi, mabibi harusi wamefunikwa nyuso kwa shela za aina moja. Usiku, kwa haraka ya kushuka, kijana anamshika mkono asiye mkewe. Anafika naye nyumbani, ngoma zinapigwa, shela inafunuliwa, kimya.

Kinachofuata kinachekesha mpaka mbavu. Kijana anaanza kumtafuta mkewe, na picha pekee aliyonayo ni ya harusi. Anaionyesha kila mahali: mnamjua huyu? Na kwenye picha bibi harusi amefunikwa uso wote, hata pua huioni. Anaionyesha kwa dhati kabisa. Sikumbuki hotuba yoyote kuhusu haki za wanawake iliyosema mengi kuliko ile picha mkononi mwa mume mwenye mapenzi ya kweli. Lawama ninayo: dakika za mwisho kila fundo linafunguliwa, polisi mla rushwa anakuwa na utu ghafla. Lakini Ravi Kishan, anayecheza huyo polisi huku anatafuna tambuu, nimemsamehe kwa sababu anafurahisha mno.

Wapwa zangu walinishinda kwenye Flow. Ni katuni ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ya mwaka 2024, paka anakumbwa na mafuriko, anaishia kwenye mashua na mbwa, kima wa Madagaska anayependa vitu vinavyong'aa, mnyama wa Amerika Kusini anayefanana na panya mkubwa aliyechoka, na yule ndege wetu wa mbugani mwenye miguu mirefu anayeua nyoka kwa mateke. Hakuna neno hata moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilidhani watoto watanikimbia baada ya dakika kumi. Hawakukimbia. Mmoja wa miaka sita alikuwa anawatafsiria wanyama, kila mmoja na sauti yake, na ndege akampa ukali wa bibi yake. Sauti zenyewe ni za wanyama wa kweli, ila yule panya mkubwa wamemtilia sauti ya mtoto wa ngamia kwa kuwa yake ilikuwa nyembamba mno.

Filamu hiyo ilichukua Oscar ya katuni mwaka 2025. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure. Bure kabisa, unaipakua. Na Godzilla Minus One ya Takashi Yamazaki, ya 2023, ilipata Oscar ya madoido ya picha kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola milioni 15, mbele ya Wamarekani ambao wengine hutumia zaidi ya mara kumi ya hizo. Dola milioni 15 kwetu ni ndoto, najua. Ninachosema ni kwamba lile dubwana linatisha kwa sababu kuna rubani aliyekwepa kufa vitani na aibu hiyo haimwachi alale. Yamazaki aliandika skripti mwenyewe, na hiyo sehemu haikuhitaji kompyuta.

Ndiyo maana sielewi watengenezaji wetu wakianza na kulilia kamera. Kamera tunazo, harusi za Dar zinapigwa picha za angani. Tunachokosa ni sauti na karatasi, yaani skripti. Sauti, maana bado naangalia muvi ambayo wapenzi wananong'ona na bodaboda inapita katikati ya nong'ono. Na ule muziki wa kinanda unaoanza kabla mtu hajalia, kuniambia nijiandae, uzimwe.

Karatasi nayo, hadithi zake zimejaa mtaani. Mimi nasubiri filamu ya dalali wa Mwananyamala. Chumba kimoja, siku moja. Anawaonyesha watu sita, mmoja mmoja, kila mmoja kaacha hela ya kuonyeshwa na kila mmoja anatakiwa kodi ya miezi sita. Kuna mwanafunzi, kuna bi harusi mtarajiwa na mama yake, kuna mzee aliyehamishwa kikazi, kuna mtu anayeuliza maswali ya polisi. Dalali haelezi chochote cha maisha yake. Anafungua mlango, anawasha taa, anasema, "Maji hayakatiki, luku yako mwenyewe, baba mwenye nyumba hana neno," na simu yake inaita tangu asubuhi na hapokei. Atakayeitengeneza aniambie, nitalipa kiingilio cha kaka yangu pia.